Namna ya Kuendesha Kesi ya Zenger katika Mahakama ya Kuigiza Shuleni

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wenzangu wa Historia na Uraia, hasa walezi wa klabu za wanafunzi katika shule za sekondari za Dodoma na wilaya zake, wanaotaka kufundisha asili ya uhuru wa vyombo vya habari bila kuishia kwenye nukuu za ubaoni. Njia ninayoipendekeza ni mahakama ya kuigiza, na kesi ninayoipendekeza ni ile ya mpiga chapa John Peter Zenger, aliyeshtakiwa kwa kuchapa kashfa dhidi ya Gavana, iliyosikilizwa New York tarehe 4 Agosti 1735, wakati mji huo ukiwa bado koloni la Uingereza. Ni kesi ya mbali, tena ya zamani, lakini ina faida moja ambayo kesi za karibu hazina: hakuna mwanafunzi anayeingia darasani akiwa tayari na upande.

Kabla ya jambo lolote, naomba mwalimu akubali sharti moja, nalo ni kutoandika hukumu ndani ya mchezo. Mara ya kwanza nilipoiendesha kesi hii, katika shule moja ya kata nje kidogo ya mji, niliandika kila neno, kuanzia wito wa karani mpaka kauli ya mwisho ya kiongozi wa juri, yaani wale raia 12 wanaoamua kesi, kwamba mshtakiwa hana hatia. Onesho likaenda vizuri, wazazi wakapiga makofi. Tulipokuwa tunarudisha madawati, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliyekuwa juri namba saba akaniuliza, "Mwalimu, kama Jaji alishasema ukweli si utetezi, sisi tulimwachiaje?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu nilikuwa nimemkaririsha hukumu badala ya kumsikilizisha kesi. Tangu siku hiyo naandika mifupa tu: nani anazungumza baada ya nani, na mambo gani lazima yatajwe. Nyama wanaiweka wenyewe.

Kuijua kesi kabla ya kuwagawia

Tenga kipindi kizima kwa ajili ya kusimulia chanzo cha ugomvi, kwa maana bila hicho hotuba zote za mahakamani zitasikika kama mdahalo wa kawaida. Zenger alizaliwa Ujerumani mwaka 1697, akafika New York akiwa kijana mwaka 1710 pamoja na wahamiaji wenzake. Baba yake alifia safarini. Alipelekwa kujifunza kazi kwa William Bradford, mpiga chapa wa serikali, ambaye baadaye alianzisha gazeti la kwanza la koloni hilo. Kwa hiyo mwanagenzi huyu alipokuja kuchapa gazeti la upinzani, alikuwa anashindana na fundi aliyemfundisha kupanga herufi.

Mwaka 1732 akaja Gavana mpya, William Cosby. Mara akamdai Rip Van Dam, mjumbe mkongwe wa baraza la Gavana aliyekuwa amekaimu nafasi hiyo, nusu ya mshahara aliolipwa kabla ya yeye Cosby kuwasili. Shauri hilo Cosby hakulipeleka mbele ya juri, maana alijua wananchi wasingempa haki. Alilipeleka mbele ya majaji peke yao. Jaji Mkuu Lewis Morris akapinga utaratibu huo na kuchapisha hoja zake, Gavana akamwondoa na kumweka James DeLancey, kijana wa miaka 30 hivi. Morris hakukaa kimya. Oktoba 1733 aligombea ubunge wa koloni huko Westchester, na siku ya kupiga kura sherifu akawazuia waumini 38 wa dhehebu la Marafiki (Quakers) kwa sababu imani yao iliwakataza kula kiapo, ijapokuwa walikuwa tayari kuthibitisha kwa namna nyingine. Morris alishinda hata hivyo, kwa kura 231 dhidi ya 151. Siku chache baadaye, tarehe 5 Novemba 1733, toleo la kwanza la gazeti la New-York Weekly Journal likatoka katika mtambo wa Zenger, likiwa na nguvu ya fedha na kalamu ya kundi la Morris, hasa mwanasheria James Alexander.

Wanafunzi waambiwe wazi kwamba Zenger hakuwa mwandishi wa makala zile. Alikuwa fundi. Wenye kalamu hawakutia majina yao, na sheria ikamkamata yule ambaye jina lake lilikuwa chini ya ukurasa. Hapa huwa natulia kidogo ili waulizane wenyewe kama hilo ni haki, na ni nani katika mazingira yao hubeba lawama ya maneno yaliyotungwa na mwingine.

Usiache pia kuwaonyesha kwamba gazeti lile lilikuwa na utani. Lilitoa tangazo la uongo kuhusu mbwa mkubwa, mwenye urefu wa futi tano na inchi tano, aliyetoroka kibandani kwake kinywa kikiwa kimejaa sifa za kupindukia. Kila msomaji alielewa kwamba mbwa huyo ni Francis Harison, mpambe wa Gavana. Darasa likicheka hapo, ujue limeanza kuielewa kashfa: jina halikutajwa, na bado mwenyewe alijijua.

Kugawa nafasi

Unahitaji wanafunzi wapatao 30. Majaji wawili, DeLancey na Frederick Philipse. Mwanasheria Mkuu Richard Bradley. Karani. Mawakili wa utetezi, nao ni wanne: Alexander na William Smith, ambao watafukuzwa, John Chambers, kijana aliyeteuliwa na mahakama, na Andrew Hamilton, mzee wa karibu miaka 60 aliyetoka Philadelphia. Kisha Zenger, mkewe Anna, sherifu, mashahidi watatu, juri 12, na wengine wawe umma wa New York wenye ruhusa ya kunung'unika.

Makosa ya walimu wengi, nikiwamo mimi, ni kumpa mwanafunzi hodari kuliko wote nafasi ya Hamilton. Mpe Bradley. Sheria ya siku zile ilikuwa upande wa Bradley, na mchezo hauna maana asiposikika kama mtu mwenye hoja. Tangu hukumu ya mahakama ya Star Chamber ya mwaka 1606, wanasheria wa Uingereza walishika kwamba ukweli wa maneno hauondoi kosa la kashfa dhidi ya watawala, bali unaweza kuliongeza, kwa kuwa uongo hukanushwa ukaisha, ilhali ukweli huwasha hasira za watu na kuvuruga amani. Mwanafunzi mvivu atalisoma hilo kama upuuzi. Mwanafunzi mzuri atawauliza wenzake ingekuwaje kila mtu aruhusiwe kumvunjia heshima kiongozi sokoni kwa kisingizio kwamba asemayo ni kweli, na utaona vichwa kadhaa vikitikisika kukubali. Acha vitikisike.

Neno juri nalo linahitaji maelezo, kwa kuwa mahakama zetu hazikulirithi. Wanafunzi wanaokaa karibu na mahakama huwa wamesikia habari za wazee wa baraza, wanaokaa na jaji na kutoa maoni yao; lakini maoni hayo hayamfungi jaji. Juri ya New York ilikuwa kitu kingine: raia 12 ambao wakisema mtu hana hatia, jaji hana la kufanya ila kumwachia. Wanafunzi wasipoushika utofauti huo, hawataelewa kwa nini Hamilton alifikia mahali pa kumpa jaji kisogo.

Jukwaa, moto na tundu la mlango

Vifaa si vingi. Joho la jaji ni kanga mbili nyekundu au kitambaa cheusi, kizimba ni madawati mawili yaliyogeuzwa, na mtambo wa chapa unaweza kuwa boksi la karatasi lenye mpini wa fagio. Matukio matatu kabla ya kesi yanastahili kuigizwa. Mengine yasimuliwe na karani.

La kwanza ni kuchomwa kwa magazeti. Juri kubwa, ambayo kazi yake ilikuwa kuamua kama kuna kesi ya kujibu, ilikataa mara mbili kumshtaki Zenger. Gavana akaamuru matoleo manne, namba 7, 47, 48 na 49, yachomwe hadharani tarehe 6 Novemba 1734. Baraza la mji likakataa kuhudhuria, likakataa hata kumtoa mtumishi wake kwa kazi hiyo, sherifu akabaki amemwamuru mtumwa wake mwenyewe awashe moto. Tumia karai lenye mchanga, ndani ya darasa au nyuma ya ukuta. Mwezi wa nane hapa Dodoma upepo hauna simile, na mwaka mmoja tulikimbizana na kipande cha gazeti kinachowaka mpaka kwenye ua wa mabua wa jirani. Moto ukizimika, mtazame mwanafunzi aliyeigiza yule mtumwa. Kwa kawaida ndipo swali linapotokea: mji uliokuwa unabishana kuhusu uhuru wa kuchapa ulikuwa na watu wa kununuliwa, na mkono uliowasha moto ule haukuwa na hiari. Katika nchi hii yetu ya Ugogo, ambamo misafara ya kati ya pwani na Tabora ilipita ikiwa na watumwa, swali hilo halihitaji kufafanuliwa sana. Lisifunikwe.

La pili ni tundu la mlango. Zenger alikamatwa Jumapili tarehe 17 Novemba 1734. Dhamana ikapangwa pauni 400 kwa yeye mwenyewe, pamoja na wadhamini wawili wa pauni 200 kila mmoja, wakati ameapa kwamba ukiondoa vifaa vya kazi na nguo za mwilini, mali yake haifiki pauni 40. Akabaki ndani kwa zaidi ya miezi minane. Toleo moja tu la gazeti ndilo lililokosekana. Lililofuata likaeleza kwamba sasa ameruhusiwa kuzungumza na mkewe na wafanyakazi wake kupitia tundu la mlango wa gereza. Toboa kadibodi, msimamishe Zenger upande mmoja na Anna upande wa pili, kisha waache wapange ukurasa wa wiki ijayo kwa kunong'ona: habari ipi itangulie, karatasi zimebaki ngapi, mtoto ameamkaje. Nimeona wanafunzi wakimaliza dakika kumi hapo bila kukumbushwa. Anna Zenger ndiye aliyeendesha kazi muda wote huo, na msichana anayepewa nafasi yake asiambiwe kwamba ana sehemu ndogo.

La tatu ni kufukuzwa kwa mawakili. Aprili 1735 Alexander na Smith walipinga uhalali wa uteuzi wa majaji wenyewe, kwa kuwa Gavana aliwateua kwa namna ya kuweza kuwaondoa atakavyo. DeLancey akawafuta katika orodha ya mawakili. Tukio hili lichukue dakika tatu, lisizidi.

Kabla hujafungua mahakama, fanya uteuzi wa juri mbele ya wote. Orodha ya kwanza iliyoletwa New York ilikuwa imechezewa. Ndani yake walikuwamo mwoka mikate wa Gavana, mshona nguo wake na fundi viatu wake. Chambers, ambaye wengi walimdhania ni wakili wa kuwekwa tu, alipinga, na orodha ikarekebishwa. Mimi hutia majina ya wanafunzi 48 ndani ya kofia, nikiwa nimepenyeza marafiki wa karibu wa anayeigiza Gavana, halafu namwachia Chambers awagundue. Asipowagundua, wanabaki.

Siku ya kesi

Karani aite kesi, Bradley asome hati ya mashtaka. Hati hiyo hakuipata kwa juri kubwa bali aliifungua kwa mamlaka ya ofisi yake, na ndani yake aliyaita maneno ya gazeti kuwa ya uongo, ya kashfa, yenye nia mbaya na ya uchochezi. Mwambie Bradley alitamke neno "uongo" kwa sauti ya kawaida, kama mtu asiyejua kwamba litamrudia.

Chambers aanze utetezi. Kisha Hamilton anyanyuke miongoni mwa watazamaji, akiri papo hapo kwamba mteja wake alichapa na kusambaza magazeti hayo. Nataka mwalimu aipe dakika hii uzito wake. Bradley alikuwa na mashahidi tayari kuthibitisha uchapaji, nao walikuwa kibarua wa Zenger na wanawe wawili. Watoto walikuwa wameitwa kumshuhudia baba yao. Baada ya ungamo lile, hawakuhitajika tena. Wasimamishe wakingoja, kisha karani awaambie warudi nyumbani. Bradley naye, akiamini kazi imekwisha, aseme kwamba sasa juri haina budi kumtia hatiani hata kama maneno ni ya kweli.

Hapo ndipo Hamilton ashike lile neno la kwenye hati. Ikiwa mashtaka yanasema "uongo", basi upande wa mashtaka uthibitishe uongo huo. Na kama ni mzigo mzito kwao, yeye yuko tayari kuthibitisha ukweli. DeLancey akatae, kwa sababu kisheria ushahidi wa ukweli haukubaliki katika kesi ya kashfa. Wabishane kwa heshima, kwa "Mheshimiwa Jaji" kila mara, hadi mlango ufungwe kabisa. Ndipo Hamilton ageuke, awatazame wale 12 na kuwaambia kwamba mashahidi wamekataliwa, kwa hiyo mashahidi ni wao wenyewe, watu wa mtaa huu wanaojua yaliyotendeka.

Kuna kipande kimoja cha utetezi huo ambacho kwa Kiswahili hunoga kuliko kwa lugha nyingine. Hati za mashtaka ya kashfa zilijaza maana kwa kuingiza maelezo katikati ya maneno ya mshtakiwa, na neno letu la kazi hiyo ni "yaani". Hamilton alichukua aya ya kitabu cha Isaya inayosema walinzi ni vipofu na mbwa bubu, akaisoma kwa mtindo wa Mwanasheria Mkuu: walinzi, yaani washauri wa Gavana, vipofu, yaani hawaoni hila zake. Kwa njia hiyo hata msoma Biblia anaweza kufungwa. Zoezi lake ni rahisi: wape wanafunzi methali za kawaida, mfano ile ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kila kundi litie "yaani" mpaka liwe shtaka. Kundi moja lilitoa "mgema, yaani kiranja wa chakula, tembo, yaani uji wa asubuhi, maji, yaani maji". Kiranja wa chakula alikuwa ndani ya darasa, na hakucheka. Nilisimamisha zoezi nikawauliza juri kama wenzao wamemkashifu au la. Hoja zilizotolewa dakika zile zilikuwa bora kuliko nyingi nilizozisikia siku ya onesho, hasa pale mmoja aliposema kwamba kwanza tupime uji.

Mwisho DeLancey aielekeze juri: kazi yenu ni kuamua kama mshtakiwa alichapa, na hilo limeshakubaliwa, kama maneno ni kashfa au si kashfa, tuachieni sisi majaji.

Juri ijifungie

Watoke nje, chini ya mti au darasa la jirani, bila mwalimu. Wakubaliane wote 12. Wingi wa kura hautoshi. Wape dakika 20. Juri halisi, ikiongozwa na Thomas Hunt, haikukawia, ikarudi na uamuzi kwamba hana hatia, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe tatu. Juri zangu hazikufanana. Moja ilimwachia baada ya dakika nne. Nyingine ilimtia hatiani, na kiongozi wake akaeleza kwamba walimhurumia Zenger lakini waliogopa desturi ya kupuuza maelekezo ya jaji, maana kesho juri nyingine itampuuza jaji ili kumwachia mwizi. Nilimpa alama za juu, na sijajuta.

Yanayofundishwa baada ya hukumu

Wiki inayofuata, ondoa dhana kwamba sheria ilibadilika siku ile. Uamuzi wa juri haufungi mahakama nyingine. Ulimtoa Zenger, na kanuni ya Star Chamber ikabaki palepale vitabuni. Uingereza iliipa juri haki ya kuamua suala zima la kashfa mwaka 1792, na jimbo la New York likaukubali ukweli kama utetezi kwa sheria ya mwaka 1805, miaka 70 baada ya Hamilton. Kilichosafiri haraka ni simulizi: Alexander aliandika mwenendo wa kesi, na mwaka 1736 ukachapwa katika mtambo wa Zenger mwenyewe. Kikatiba, Marekani ililinda uhuru wa vyombo vya habari mwaka 1791.

Kisha walete nyumbani. Mwaka 1958, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Rais wa TANU alishtakiwa Dar es Salaam kwa kashfa, kutokana na makala katika Sauti ya TANU iliyowalaumu maofisa wawili wa kikoloni wa wilaya. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili Mwingereza aliyewahi kumtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Hapakuwa na juri ya kugeukia, alikuwapo hakimu. Alipatikana na hatia, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita, naye akalipa. Waweke Zenger na Nyerere ubaoni kwa safu mbili, kisha waulize ni kitu gani hasa kilichotofautisha matokeo: ukweli wa maneno, umahiri wa wakili, au aliyekuwa na neno la mwisho ukumbini. Wenye hamu wafuatilie hadi Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na marekebisho yake ya mwaka 2023, yaliyopitishwa na Bunge hapahapa mjini kwetu na kuiondoa kashfa katika orodha ya makosa ya jinai.

Karani naye asisahauliwe. Akabidhi kumbukumbu za kesi siku hiyohiyo, kwa mwandiko unaosomeka, zikiwa na hoja za pande zote mbili na uamuzi wa juri kama ulivyotoka. Nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na mshtakiwa aisome kwanza aone kama alichosema ndicho kilichoandikwa.